Ubeti Niliouficha Kwenye Mkebe wa Kakao

Jumapili iliyopita mlibishana sebuleni kwangu mpaka chai ikaota ngozi. Huyu anasema filamu yenye muziki bora kushinda zote tangu sinema ianze ni hii, yule anasema ni ile, mwingine anachimba kwenye simu akitafuta ushahidi, na hakuna hata mmoja aliyemsikiliza mwenzake. Mimi nilikuwa nachagua mawe kwenye maharagwe. Ndipo Mghoi, mjukuu niliyembeba kwa mgongo wangu huu, akanigeukia akasema, "Pole Nyanya, tunakupigia kelele na mambo usiyoyajua."

Sikumjibu. Mtu akikuambia hujui kazi uliyoifanya miaka na miaka, ukimjibu papo hapo utamjibu vibaya. Nimechukua daftari badala yake. Shule niliishia darasa la tatu, na kuandika ukurasa mzima nilijifunza ukubwani kwenye ngumbaru, kwa hivyo mtavumilia mwandiko. Lakini someni mpaka mwisho. Msiruke.

Nilifanya kazi kwenye ukumbi wa sinema hapa Voi, ule uliokuwa upande wa stesheni, ambao leo ni duka la mbao na misumari. Niliingia kama mfagiaji. Nilitoka siku ulipofungwa, kanda za video zilipofika mjini na watu wakaanza kutazama sinema vibandani, wamebanana mbele ya televisheni moja kama vifaranga. Katikati hapo nilikuwa mtu wa rili.

Rili ni gurudumu la bati linalobeba mkanda wa filamu. Filamu moja ya Kihindi ilikuja kwa treni kutoka Mombasa ndani ya masanduku, rili kumi na tano au kumi na sita, na mkanda wa rili moja ukiunyoosha unatoka hapa kwangu mpaka barabara ya lami. Mashine zilikuwa mbili. Moja ikionyesha, nyingine inalishwa rili inayofuata. Rili ikimaliza kuonyeshwa, mkanda umekaa kinyume, mwisho uko juu, na lazima mtu auzungushe kwa mkono mpaka urudi mwanzo. Mtu huyo ni mimi. Chumba changu kilishikana na chumba cha mashine, kidogo kama choo, hakina tundu la kuchungulia ukumbini. Wakati watu wanatazama rili ya nne, mimi nazungusha ya tatu. Wakitazama ya tano, nazungusha ya nne. Filamu nzima inapita mimi nikitazama ukuta.

Sasa elewa hapo, Mghoi. Nyinyi mnabishana juu ya muziki mliouona. Mnakumbuka msichana alivyopendeza, mnakumbuka farasi na milima, halafu mnasema muziki ulikuwa mtamu. Mimi nilipewa muziki peke yake, kupitia ukutani, bila sura ya mtu yeyote ya kunihonga. Kuna filamu watu walitoka wakilia kwa uzuri wake, na mimi nilijua wimbo wake ni kelele tupu. Kuna nyingine watu walitoka wakipiga miayo, na mimi nimeacha kuzungusha rili, mkono uko hewani, nasikiliza.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Mwadime, mwendesha mashine. Alikuwa mtu wa milimani, Wundanyi, lakini ufundi aliupata Mombasa ujanani. Hata joto la Voi liwe la kuchemsha yai, shati lake lilifungwa kifungo cha juu. Siku ya kwanza hakunionyesha mashine. Alinionyesha beseni la maji.

"Nawa."

Nikanawa.

"Nawa tena. Hili vumbi jekundu unaloliona ni zuri kwa mahindi. Kwenye mkanda ni kisu."

Kosa langu la kwanza nitawaambia, kwa sababu mnapenda kucheka wazee. Mkanda ukikatika unaunganishwa hivi: unakwangua ncha moja kwa wembe, unapaka gundi kidogo yenye harufu ya kupandisha kichwani, unabana, unahesabu mpaka thelathini. Lakini kando ya mkanda kuna matundu, manne kwa kila picha, na lazima uhesabu matundu kabla ya kukata. Mimi sikuhesabu. Nilikata katikati ya picha. Jumamosi ile mchezaji mkuu alisimama mbele ya baba mkwe wake akiwa miguu juu, kichwa chini ya miguu yake mwenyewe, anaomba posa. Ukumbi ulianguka kwa vicheko. Mzee Mwadime alirekebisha mashine, akaniita, akanipa kipande cha mkanda.

"Hesabu matundu ya hiki."

"Yote?"

"Una kwingine unakokwenda?"

Nilihesabu mpaka macho yakatoa maji. Sikukosea tena.

Jambo lililonishika moyo, hata nikasahau kwamba nilikuja kufagia, lilikuwa hili. Mzee Mwadime aliinua mkanda kwenye mwanga akanionyesha mstari mwembamba uliopita kati ya picha na matundu, umejaa meno meno kama msumeno. "Hiyo ndiyo sauti," akasema. "Taa ndogo inaupiga mstari huu, mashine inausoma, watu wanasikia. Muziki una sura, Wakesho. Uangalie."

Niliuangalia. Sijawahi kuacha kuuangalia. Mtu akinong'ona, meno ni madogo kama ya panya. Bunduki ikilia, mstari unajaa pande zote mbili. Ngoma unaiona imekaa kwa nafasi sawasawa kama mihimili ya ua. Filimbi ni unywele tu. Baada ya mwaka mmoja niliweza kushika mkanda nisioujua nikakuambia wimbo unaanzia wapi, na kama anayeimba ni mwanamume au mwanamke. Alinifundisha pia kupaka wino mweusi juu ya kila kiungo, umbo la paa la nyumba, ili kiungo kisitoe mlio kikipita kwenye mashine. Kwa hivyo mimi nimewahi kutazama muziki na kusikiliza picha. Nani kati yenu amewahi?

Tena msidhani ubishi huu mmeuanzisha nyinyi. Jumamosi saa nane mchana, kabla milango haijafunguliwa, baraza la ukumbi lilikuwa bunge. Wafanyakazi wa reli, watu wa mashamba ya mkonge, akina mama wa sokoni. Hapakuwa na mtu aliyejua Kihindi isipokuwa mwenye ukumbi, ambaye sote tulimwita Tajiri, lakini kila mtu aliimba. Kulikuwa na mama mmoja kutoka Mboghoni, upande wa Taveta, aliyeleta ndizi kwa treni ya Taveta. Tulimwita Mama Ndizi. Yeye alitaka filamu yenye ngoma nyingi.

"Wimbo usionitikisa matako si wimbo, ni mahubiri," alisema.

"Wewe Mama Ndizi, hata treni ikipita unatikisika," wakamwambia.

"Na treni ina wimbo mzuri kuliko filamu yenu ya juzi!"

Tulikuwa na desturi moja ambayo sijui kama ilikuwepo mji mwingine. Wimbo ukiwapendeza, watu walipiga viti kwa viganja wakiita, "Rudia! Rudia!" Basi Mzee Mwadime alisimamisha mashine, mimi nikairudisha rili nyuma, na wimbo ukapigwa upya. Hakuna kuhesabu kura. Wimbo uliorudiwa mara mbili ndio mkubwa. Uliorudiwa mara tatu uliimbwa mjini mwaka mzima, kuanzia kwa vinyozi mpaka kanisani wakati wa kufagia.

Hapo ndipo inapoingia filamu ambayo jina lake la Kihindi sikulishika. Sisi tuliiita Kisima, kwa sababu wimbo wake mkubwa msichana aliuimba kisimani, akipiga mtungi kwa vidole. Sauti yake na mtungi, basi, ndivyo Voi ilivyoujua. Mzee Mwadime alikuwa ameiona Mombasa zamani. Siku masanduku yalipofika alikuwa kama mtu anayesubiri ndugu. "Hii," aliniambia, "ndiyo filamu yenye muziki. Zingine zina kelele. Ubeti wa kwanza mtungi, ubeti wa pili mtungi unanyamaza, filimbi peke yake, halafu mtungi unarudi. Utanyamaza mwenyewe."

Ilikuwa Ijumaa alasiri. Alitoka kwenda stesheni kuulizia vijiti vya makaa vinavyotoa mwanga wa mashine, akaniachia rili nizikague. Nilipofika rili ya tisa nikauona wimbo pembeni mwa mkanda. Mihimili ya mtungi, safi, imepangwa. Halafu mihimili ikaisha, ukabaki unywele. Nikataka kuuona vizuri. Chumbani kulikuwa na giza. Nikauvuta mkanda mpaka mlangoni, nikashuka nao ngazi mpaka barazani, kwenye jua, naufuata ule unywele kwa macho, najiuliza kitu chembamba namna ile kinawezaje kuwa sauti ya kumnyamazisha mtu. Mkanda ulikuwa umelala sakafuni mikunjo mikunjo, na mimi nimeinua macho juu.

Mchukuzi wa stesheni akapita na mkokoteni, analeta sanduku la mwisho. Anapiga mluzi, hakuona kitu. Gurudumu likapita juu ya mikunjo yote, na mchanga wake.

Nilipouokota, matundu ya upande mmoja yalikuwa yamechanika kuanzia unywele ulipoanza mpaka ulipoishia. Ubeti wa pili wote. Nikaupima kwa hatua, hatua ishirini na tano. Tajiri alikuwa na sheria moja isiyo na msamaha: anayeharibu filamu ya watu anaenda nyumbani. Nilikuwa na watoto wawili na baba yao alikuwa chini ya udongo. Nikachukua wembe. Nikahesabu matundu. Nikakata, nikaunganisha mtungi wa kwanza na mtungi wa mwisho, nikapaka wino, na Mungu anisamehe, kilikuwa kiungo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya. Ubeti nikauviringisha, nikautia kwenye mkebe wa kakao pamoja na vipande vingine, nikausukuma chini ya meza.

Kesho yake watu walipiga viti mara tatu. Voi nzima ikaushika wimbo siku hiyo hiyo, mtungi kwa mtungi, bila filimbi. Hawakujua kingine. Redio haikuupiga, na sahani yake ya santuri haikuwepo mjini.

Lakini ukumbini alikuwepo Bakari, gadi wa treni, mtu wa Mombasa aliyelala Voi siku za zamu. Akasimama juu ya kiti.

"Mmekata! Wallahi mmekata ubeti! Filimbi i wapi?"

"Keti wewe!"

"Nyie watu wa bara mwaimba wimbo kiguru!"

"Filimbi utaipata stesheni, si ndiyo kazi yako?" alimjibu Mama Ndizi, na ukumbi wote ukacheka.

Bakari hakucheka. Alikwenda kwa Tajiri. Baada ya onyesho Tajiri akapanda ngazi, anahema. Na hapa muelewe hofu yangu ilikuwa ya nini, maana si ya nafsi yangu tu. Kwa miezi kadhaa watu walilalamika kwamba sauti ilikuwa inapasua masikio leo, kesho haisikiki. Tajiri alikuwa ameshasema mbele yangu kwamba mwendesha mashine kiziwi ni kama dereva kipofu, na kwamba Mombasa kulikuwa na vijana wanaotafuta kazi. Mzee Mwadime hakuwa na shamba la maana wala mtoto mjini. Alikuwa na mashine.

"Mzee, gadi anasema wimbo umekatwa. Umekatwa?"

Mzee Mwadime alikuwa ameketi, mkono wake umelala juu ya spika ndogo iliyokuwa ukutani kwenye chumba cha mashine, kama anayempima mtoto homa. Alimtazama Tajiri mdomoni mpaka akamaliza.

"Wimbo uko kamili," akasema.

Mtu aliyeusubiri wimbo ule kama ndugu, umepigwa mara tatu bila ubeti, na anasema uko kamili! Nikajua ni kweli. Hasikii. Nikajua pia kwamba nikikiri kosa langu, Tajiri atajua mzee hakusikia, na tutashuka ngazi ile wote wawili. Nikanyamaza. Nilijiambia ninanyamaza kwa ajili yake. Ilikuwa nusu ya kweli tu, na nusu ya kweli ndiyo huuma zaidi.

Toka siku ile nikawa masikio yake. Hatukulizungumzia jambo hilo. Kulikuwa na kikombe cha chai juu ya kizingiti kati ya chumba changu na chake. Sauti ikiwa juu mno, nilivuta kikombe upande wangu. Ikiwa chini, nilikisukuma upande wake. Alikiona kwa pembe ya jicho na kuzungusha kitufe. Mabadiliko ya rili hayakumsumbua, hayo ni ya macho, kuna alama ya duara inatokea pembeni ya picha. Na jinsi nilivyohitajika karibu, ndivyo alivyonifundisha: kusogeza vijiti vya makaa ili mwanga usigeuke manjano, kulisha mkanda bila kuubana, kunusa moto kabla haujawa moto. Malalamiko yakaisha. Chai nayo ilikuwa baridi kila siku. Hiyo haikuwa na dawa.

Miaka ikaenda hivyo. Bakari kila akija alisimama barazani akauimba wimbo wa Kisima mzima, na filimbi akiipiga kwa midomo, na Voi ikamzomea kwamba anaongeza maneno ya Mombasa. Mtu alisema kweli mbele ya mji mzima na akaitwa mwongo, na mkebe uko chini ya meza yangu. Jaribuni kula ugali na jambo hilo.

Niseme kidogo juu ya Makwasinyi, halafu nirudi. Mwaka mmoja tuliombwa kupeleka filamu huko, chini ya mlima Kasigau, shuleni. Tulibeba mashine ndogo na jenereta, tukaziba madirisha kwa mablanketi mchana. Filamu ilikuwa ya kilimo, ya kuchosha. Dakika ya pili ile taa ndogo ya sauti ikaungua, na ya akiba nilikuwa nimeisahau Voi. Kosa langu lingine, andikeni. Picha zinakwenda kimya, mtu anapanda mahindi, mvua inanyesha. Bibi mmoja aliyekaa mbele chini akaona aibu, nafikiri, kwa niaba ya wageni. Akaanza kuimba. Wakaitikia wenzake. Walikuwa na wimbo wa kupanda kwenye kupanda, wa mvua kwenye mvua, na ng'ombe alipotokea wakacheka na kumwimbia naye. Mzee Mwadime aliniuliza kwa jicho, vipi? Mimi sikujua nisukume kikombe wapi. Mpaka leo kuna watu Makwasinyi watakuapia kwamba ile ndiyo filamu yenye muziki bora kushinda zote, na sijapata hoja ya kuwashinda. Muziki wa filamu ni ule uliorekodiwa nayo, au ni ule uliousikia siku ulipoiona? Mimi najiuliza. Nyinyi hamjajiuliza, mnapiga kelele tu.

Sasa, mwaka wa nne Mzee Mwadime alisema anarudi Wundanyi baada ya onyesho la mwaka mpya. Macho nayo yalikuwa yanamwacha. Alimwomba Tajiri mashine anipe mimi. Tajiri akasema mwanamke na ngazi ile, na moto ule, atafikiria. Na filamu ya mwaka mpya akawaachia watu wachague barazani. Walibishana Jumamosi mbili. Mama Ndizi alileta mashahidi kutoka Taveta. Mwisho ikashinda Kisima.

Nikajua sanduku litakalokuja ni lile lile. Filamu ile ilizunguka pwani na bara kwa mkanda mmoja uliojaa viungo kama shuka la maskini. Nikautoa mkebe. Ubeti ulikuwa umejikunja kama ganda la ndizi, lakini upande wa mstari wa sauti haukuwa umeguswa. Wiki tatu, kila nikipata nafasi, nilikata kingo za vipande vibovu na kuzibandika kwenye matundu yaliyochanika, tundu kwa tundu. Nilijua maana yake. Ubeti ukirudi, Tajiri atauliza ulikuwa wapi. Mashine nitaikosa, labda na kazi, na mzee ataondoka watu wakisema alikuwa kiziwi miaka yote. Nilijua pia kwamba yeye hatausikia. Lakini sikuweza kumwacha aonyeshe kitu kiguru siku yake ya mwisho, awe anakisikia au hakisikii. Rili ya tisa ilipofika nilikata kiungo changu kizuri, nikaurudisha ubeti mahali pake.

Onyesho likaanza saa tisa mchana, ukumbi umejaa mpaka kuta. Rili ya tisa ikaingia. Mtungi ukalia, na Voi yote ikaimba nao, viganja kwenye viti. Halafu mtungi ukanyamaza na filimbi ikatoka.

Watu waliendelea kuimba peke yao kidogo, kisha wakajikwaa, kisha wakanyamaza. Kisha wakalipuka.

"Nini hiyo?"

"Wameharibu wimbo!"

"Rudisheni wimbo wetu!"

Nikasikia sauti ya Mama Ndizi juu ya zote: "Nani ametia filimbi humu?"

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti, namtazama Mzee Mwadime. Mkono wake ulikuwa juu ya spika, kama siku zote. Vidole vilikuwa vikigonga na mtungi, na sasa vimesimama. Havikugonga. Vilingoja, na mtungi uliporudi, vikagonga nao pamoja, bila kuchelewa hata kidogo.

"Leo umenyamaza," akasema.

Sikuelewa mara moja. Halafu nikaelewa. Nikamwendea mbele, aone mdomo wangu.

"Ulijua?"

"Siku ile mtungi haukunyamaza. Nimeushika kwa mkono mara tatu, haukunyamaza. Mkanda umekatwa, na mwenye wembe ni mmoja."

"Mbona ulimwambia Tajiri uko kamili?"

"Ulikuwa na watoto wadogo," akasema, akageukia mashine.

Miaka minne mimi nadhani ninamficha, kumbe ananificha.

Tajiri alifika juu akiwa na jasho. "Mzee! Watu wanataka kuvunja viti! Nani ameongeza kitu kwenye wimbo?"

Mzee Mwadime alimtazama mdomoni mpaka akamaliza.

"Wimbo uko kamili," akasema.

"Kamili sasa," nikasema mimi. "Zamani haukuwa. Gadi alisema kweli. Niliukata mimi, Tajiri, ulikanyagwa na mkokoteni kwa uzembe wangu. Niliuweka kwenye mkebe. Leo nimeurudisha."

Tajiri alinitazama vidole, vyenye gundi na wino. Akamtazama mzee. Akatazama kikombe kwenye kizingiti, akakitazama sana, na nikaona anahesabu mambo mengi ambayo hakuwahi kuyaunganisha. Huko chini kelele za kuzomea zilikuwa zinapungua, na katikati yake mtu mmoja, mmoja tu, alikuwa anapiga kiti kwa viganja viwili. "Rudia! Rudieni, enyi watu! Rudia!" Bakari.

"Mkebe huo una nini kingine?" Tajiri akaniuliza.

"Vipande vya filamu saba, Tajiri."

"Navyo vitarudi kwa wenyewe." Akaanza kushuka. Katikati ya ngazi akasimama. "Mtu anapiga kiti. Hamjui desturi?"

Nikaizungusha rili ya tisa kwa mkono, polepole, kwa mwendo mmoja, kama nilivyofundishwa, ukumbi wote ukingoja na kunung'unika. Mzee Mwadime akailisha mashine. Mtungi ukaanza, na kelele za kuzomea zikaanza nazo.

Nikasukuma kikombe upande wake.

Akakiona. Akazungusha kitufe. Nikakisukuma tena, akazungusha tena, na filimbi ilipotoka, Voi ilikuwa haina budi kusikiliza.